Kusomea Kilimo Huku Ukifanya Kazi: Mwongozo kwa Kijana wa Malindi

Kijana wa Malindi anayetangaza nyumbani kwamba ameomba nafasi ya kusomea kilimo huulizwa swali hata kabla hajaketi: kwani jembe limekosekana hapa hata ukalilipie karo? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, na kufikia 2014 nchi ililazimika kusitisha uuzaji wa embe zake katika soko la Ulaya kwa sababu ya mdudu huyo. Wazee waliokuwa wametunza miembe kwa miaka arobaini hawakuwa wamemjua, wala mbinu walizorithi hazikumtosha, kwa kuwa hutaga mayai ndani ya tunda, mahali ambapo dawa inayonyunyizwa juu ya ganda haiwafikii funza wake. Aliyesoma anajua kwamba dawa iliyobaki ni kuweka mitego yenye chambo cha kuwavuta madume, kuokota kila embe lililoanguka na kulifukia kwa kina. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kulilipia jembe na kulipia elimu.

Elimu hiyo lakini hugharimu fedha, na wengi wetu hatuna budi kufanya kazi huku tukisoma. Shauri langu ni moja: tafuta kazi ambayo yenyewe ni somo lako, hata kama mwanzoni inalipa kidogo kuliko nyingine.

Kwanza tuyamalize mambo ya kujiunga. Shahada huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, stashahada C-, na cheti D, na alama za Biolojia na Kemia huangaliwa kwa makini. Maombi ya vyuo vya umma hupitia KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, na mikopo hupitia HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Kwa mtu wa Malindi, Chuo Kikuu cha Pwani kiko mjini Kilifi, takriban kilomita 60 kwa matatu. Kilianza mwaka 2007 kama chuo kikuu kishiriki, mahali palipokuwa chuo cha kilimo, kikapewa hati yake mwaka 2013. Usiidharau stashahada, kwani mwenye stashahada anayejua kazi ya mikono mara nyingi hutafutwa na wenye mashamba mapema kuliko mwenye shahada ambaye hajawahi kushika kisu cha kubebeshea, yaani cha kuunganishia kijitawi cha mti mmoja kwenye mche wa mwingine.

Sasa kazi. Wanafunzi wengi wa huku hukimbilia hoteli za ufuoni au bodaboda. Sizilaumu, ila tazama kalenda: masika yanapoanza, kati ya Aprili na Juni, watalii hupungua, baadhi ya hoteli hufungwa na vibarua huachishwa, na huo ndio wakati mashamba yanapohitaji mikono ya kupanda, kupalilia na kuhamisha miche. Kadhalika mboga zinazopandwa kandokando ya Mto Sabaki mwezi Oktoba huwa tayari hoteli zinapojaa mwezi Desemba. Mwanafunzi wa kilimo anayefuata mvua huwa na kazi wakati wenzake hawana, tena hujifunza jinsi bei inavyopanda na kushuka, somo ambalo darasani hufundishwa kwa michoro tu.

Kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni ya kitalu cha miche, hasa kubebesha miembe. Mwembe unaotokana na kokwa huweza kuchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na matunda yake huenda yasifanane na ya mama. Uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na mnunuzi anajua kama ni Ngowe au Apple anayopanda. Kazi yenyewe huanza kwenye mti wa kutoa vikonyo, yaani vijitawi vya kubebeshea. Siku saba hadi kumi kabla ya kukata, majani ya ncha ya tawi huondolewa na vijiti vinavyoyashikilia kuachwa, ili macho yavimbe. Kisha kikonyo cha urefu wa sentimita 10 hadi 15 hukatwa, kichongwe kama kabari, kiingizwe kwenye mpasuo wa mche wenye unene wa penseli, na kifungwe kwa utepe wa plastiki bila kuacha nafasi ya maji kupenya. Ganda la ndani la kikonyo lisipogusana na la mche angalau upande mmoja, hakuna kitakachoota, hata ukimwagilia maji ya Zamzam. Kisu kisicho kikali, na kisichosafishwa kwa spiriti kati ya mti na mti, huharibu zaidi ya jua. Majani mapya yakichomoza baada ya wiki tatu au nne, umefaulu.

Kuhusu malipo, kuwa mwangalifu. Wenye vitalu wengine hulipa kwa siku, wengine kwa kila mche ulioshika. Mwanagenzi aombe kulipwa kwa siku, kwa sababu anapojifunza mche mmoja kati ya miwili huweza kumfia, na malipo ya mche ulioshika yatamwacha mikono mitupu. Atakapofikisha minane kati ya kumi, ndipo abadilishe makubaliano, kwani sasa ustadi wake una bei. Makubaliano yaandikwe, japo kwa ujumbe wa simu, yakitaja nani atamwagilia miche baada ya wewe kuondoka; asipotajwa, kufa kwa miche kutahesabiwa kuwa kosa lako.

Nalisema hilo kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa na miche karibu mia mbili ya pilipili nyuma ya nyumba niliyopanga, nikaiacha siku nne za mtihani nikidhani wingu lililotanda lingeleta mvua. Mchanga wa pwani haushiki maji. Niliporudi niliokoa michache tu. Tangu hapo sishauri mwanafunzi anayelala mbali afuge kuku wa nyama, wanaohitaji mtu kila siku kwa wiki tano au sita, wala apande kitu kitakachoiva wiki ya mtihani. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na bamia huanza baada ya miezi miwili hivi, kwa hiyo ratiba ya chuo ikishatolewa, hesabu kurudi nyuma kabla ya kutia mbegu. Kwa maoni yangu saa 12 za kazi kwa wiki zinatosha katika muhula. Zaidi ya hapo, usingizi wa darasani huanza.

Weka daftari: tarehe, aina ya kikonyo, idadi iliyobebeshwa, iliyoshika, na hali ya hewa. Mwezi wa kwanza litaonekana kazi bure. Wakati wa mafunzo ya nyanjani, ambayo wengi huyaita atachimenti, daftari hilo ndilo litakaloandika nusu ya ripoti yako, na mwenye kitalu aliyekulipa kibarua huenda akakubali kukupokea rasmi bila wewe kuzunguka na barua mji mzima.

Na kama kuna kipembe cha uwanja nyumbani, kokwa za embe za kienyeji hupatikana bure msimu wa embe unapofikia ukingoni, Januari na Februari. Zipande zikiwa mbichi, kwa kuwa zikikaa wiki chache hupoteza uwezo wa kuota. Pasua ganda gumu la nje kwa uangalifu na weka mbegu kwenye mfuko wenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, chini ya kivuli cha makuti. Mwaka utakapokaribia kuisha miche mingi itakuwa na unene wa penseli. Ibebeshe Januari, na masika yanayofuata, watu wanapotafuta miche ya kupanda, utakuwa nayo ya kuuza kabla ya karo ya muhula kudaiwa.