Gusa boneti kabla ya kugusa pochi

Kama ndio unaanza kujifunza ufundi na umeona Subaru Impreza WRX ya zamani inauzwa hapa Nairobi, nenda asubuhi na umwombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine, hata akikuapia kwamba alikuwa anaisogeza tu.

Injini baridi haijui kuficha. Ikiwashwa, sikiliza chini: mlio wa ko-ko-ko unaopanda ukikanyaga mafuta huenda ni beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki), na hiyo si kazi ya mwanafunzi. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama chai ya maziwa, shuku maji yameingia kwenye oili.

Halafu uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwenye EJ20 ya turbo, injini ya WRX nyingi za zamani, mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni, na ile bei nafuu inageuka kilio. Hana risiti? Hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, na ukinunua mpya weka na pampu ya maji, maana inazungushwa na mkanda uleule.

Spea za Subaru utazipata Kirinyaga Road bila kuzunguka sana. Hata hivyo, mimi ningeanza na Impreza isiyo na turbo. Najua hutanisikiliza, kwa hiyo angalau linganisha namba ya chasisi na ya logibuku kabla ya kutoa hata shilingi moja.