Kuondoa Uvujaji wa Petroli Baada ya Kubadilisha Filta au Nozeli Mwenyewe

Gari likianza kunuka petroli siku ileile uliyolifungua na kulifunga mwenyewe, anza kutafuta pale ulipopagusa. Ni kweli kwamba mpira mkuukuu wa kupitisha mafuta huweza kupasuka wakati wowote, lakini uvujaji unaojitokeza mara tu baada ya matengenezo kwa kawaida hutoka kwenye kiungo kilichofunguliwa na kisirudishwe kama kilivyokuwa. Mwongozo huu unahusu magari ya petroli ya mfumo wa EFI, yaani ule ambao petroli hunyunyiziwa kwenye injini kwa kuongozwa na kompyuta, na hasa kazi mbili ambazo wenye magari hupenda kuzifanya nyumbani, yaani kubadilisha filta ya mafuta na kutoa nozeli (vinyunyizio vya petroli) ili zisafishwe.

Zima injini, na usiiwashe tena kwa nia ya kuona mahali panapovuja. Sukuma gari hadi mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara na jenereta, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa ardhini na kujikusanya penye bonde; ndiyo maana shimo la gereji ni mahali pabaya kuliko pote kwa kazi hii. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya asubuhi ya Limuru au Njombe haikupi kinga yoyote. Weka karibu kizima moto cha unga mkavu au cha povu. Usitegemee ndoo ya maji, kwani petroli huelea juu ya maji na moto husambaa pamoja nayo.

Injini ikishapoa kabisa, fungua waya wa hasi wa betri, kisha legeza kifuniko cha tangi. Vitabu vingi huelekeza kung'oa fyuzi ya pampu na kuacha injini iendelee kuunguruma mpaka izime yenyewe ili shinikizo lishuke. Hiyo ni njia nzuri kabla ya kuanza matengenezo, lakini gari ambalo tayari linavuja halipaswi kuwashwa. Liache likae saa kadhaa, kisha funika kiungo kwa kitambaa kinene na ukilegeze polepole, huku umevaa miwani ya kukinga macho, kwa maana shinikizo ndani ya paipu hufikia takriban bari 3 injini inapofanya kazi na huweza kubaki humo baada ya kuzimwa.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha umepata chanzo. Petroli huteremka kwa kufuata paipu na kudondoka mbali na ilikotokea, kwa hiyo mahali palipolowa chini kabisa si lazima pawe ndipo panapovuja. Fuata alama kwenda juu: petroli huosha vumbi inapopita, ikaacha njia safi kwenye chuma kilichochafuka. Tumia tochi ya LED, wala si taa ya balbu ya kioo inayopata moto.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia spana na kukaza zaidi. Kukaza kunasaidia tu ikiwa kweli boliti ilikuwa imelegea. Vinginevyo unaharibu nyuzi za boliti na kugeuza kazi ya washa moja (pete nyembamba ya kuziba kiungo) kuwa kazi ya paipu nzima. Katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, filta imeunganishwa kwa boliti yenye tundu inayopita kwenye pete ya paipu, na pete hiyo huhitaji washa laini mbili, moja kila upande. Washa hizo huziba kwa kubonyea, na iliyokwisha kubonyea haizibi vizuri mara ya pili, hivyo nunua mpya kila unapofungua. Ikague pete kwa makini kwa kuipitishia ukucha, kwa sababu mara nyingi washa ya zamani huganda hapo na kuonekana kama sehemu ya pete yenyewe, ukaweka mpya juu yake bila kujua. Usitumie utepe mweupe wa mafundi bomba wala silikoni: vipande vya utepe huziba nozeli, na silikoni ya kawaida hulainishwa na petroli.

Kwenye nozeli, kinachovuja kwa kawaida ni oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyokatwa au kukunjamana wakati wa kuiingiza. Tumia oringi inayostahimili petroli, kwani mpira wa kawaida huvimba. Ipake oili safi ya injini kidogo, isukume nozeli ikiwa imenyooka, kisha jaribu kuizungusha kwa vidole. Ikizunguka kwa ulaini, oringi imekaa. Ikikwama, itoe uikague kabla ya kukaza reli, yaani paipu inayogawa petroli kwa nozeli zote.

Ikiwa ulibadilisha mpira, soma maandishi yaliyo juu yake. Mpira wa EFI huandikwa SAE J30 R9. Ule wa gari la kabureta haukutengenezwa kwa shinikizo hilo. Uingize mpaka uvuke uvimbe wa paipu, na klipu ikae nyuma ya uvimbe huo.

Kabla ya kujaribu, futa kila kitu kikauke na urudishe waya wa betri. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha ifunge, na urudie mara kadhaa. Katika magari mengi pampu hufanya kazi kwa sekunde chache kila mara, ingawa kwenye Toyota kadhaa za zamani haianzi mpaka stata izunguke. Gusisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo. Pakiwa pakavu, washa injini huku mtu mwingine akiangalia, na uizime mara moja ukiona unyevu. Kagua tena asubuhi yake, na mara nyingine baada ya kujaza tangi, kwa sababu gasketi ya pampu iliyo juu ya tangi huweza kuvuja tangi linapojaa tu.

Ikiwa tangi lenyewe limepasuka, au injini ni ya D-4 (ya Toyota inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda) na uvujaji uko upande wa pampu ya shinikizo kubwa, liache gari lilipo na umwite fundi mwenye vifaa vyake.