Kigeu cha kati: je, ni kliniki au ni ziara yenyewe?

Tuseme mradi umepiga kura ya bahati nasibu kuchagua wajawazito wa Likoni, Mombasa, watakaotembelewa na wahudumu wa afya ya jamii. Waliotembelewa wanajifungulia hospitalini zaidi. Mfadhili anauliza: ni kwa kuwa walihudhuria kliniki zaidi, au ziara ziliwafaa kwa njia nyingine? Kliniki hapa ndiyo kigeu cha kati: kinachobeba athari ya ziara hadi kwenye matokeo.

Hatua ya 1. Andika swali kwa "ingekuwaje". Mama ametembelewa, ingekuwaje kama mahudhurio yake yangebaki yale ya asiyetembelewa? Tofauti kati ya matokeo yake halisi na hayo ya kufikirika ndiyo athari inayopitia kliniki. Inayobaki ni ya moja kwa moja.

Hatua ya 2. Chora mishale ya nini kinasababisha nini, na hapa usiharakishe. Kura iligawa ziara, haikugawa mahudhurio. Kwenda kliniki aliamua mama mwenyewe. Asiye na nauli huruka kliniki, na uchungu ukimshika usiku, akiwaza kuvuka feri kwenda hospitali ya Coast General, huzalia nyumbani. Basi kipato na umbali vinavuruga uhusiano wa kliniki na matokeo hata kura ikiwa safi. Vipime kabla ya ziara ya kwanza.

Kuna kivurugi kibaya zaidi: mume aliyeshawishiwa na mhudumu akaanza kuweka akiba ya nauli. Huyo ni zao la ziara. Ukimwingiza kwenye modeli kama kipato, hujatatua kitu. Afadhali umchukue pamoja na kliniki kama njia moja.

Hatua ya 3. Jenga modeli mbili: ya mahudhurio, na ya mahali pa kujifungulia, hii ya pili ikiwa pia na kigeu cha ziara ikizidishwa na kliniki. Kuzidisha vigawo viwili (cha ziara kwenye modeli ya kwanza na cha kliniki kwenye ya pili) kwa mtindo wa wanasaikolojia Baron na Kenny (1986) hakufai matokeo yakiwa ndiyo/hapana. Kwa modeli ya pili tumia probit, aina ya modeli ya matokeo ya ndiyo/hapana; sababu ya kutotumia mwenzake, logit, iko hatua ya 5.

Hatua ya 4. Kwenye R, programu ya takwimu, pakiti ya mediation, endesha `mediate` kwa `sims = 1000` (marudio 1000 ya uigaji). Kura ikiwa ilipigwa kwa mitaa, taja `cluster`. Ripoti athari ya kila kundi, waliotembelewa na wasiotembelewa, peke yake.

Hatua ya 5. Endesha `medsens`, inayopima kama jibu linahimili kivurugi kisichopimwa. Haipokei logit, wala modeli ya ndiyo/hapana yenye ziara ikizidishwa na kliniki, basi hapa rudia bila kigeu hicho. Tazama rho (uwiano wa makosa ya modeli mbili) inayoifuta athari. Ikiwa 0.1 tu inatosha, iandike kwenye ripoti, si kwenye kiambatisho. Asilimia "iliyopitia kliniki" mimi humnyima mfadhili: athari mbili zikivutana, moja ikiongeza na nyingine ikipunguza, inaweza kupita 100.