Somo: Shambulia wanapotazamana

Nilipoanza kushindana niliamini mshindi wa mbio za baiskeli ni mwenye miguu kuliko wote. Katika mbio moja nilishambulia, yaani nilichomoka ghafla mbele ya kundi, mara nne ndani ya kilomita 20 za mwanzo, kila mara kwa nguvu zangu zote, na kila nilipogeuka nilikuta kundi zima limejipanga nyuma yangu. Shambulio la kweli lilipokuja, kwenye mlima wa mwisho, nililiona likiondoka mbele ya macho yangu na sikuwa na la kufanya. Aliyeshinda siku ile mazoezini namwacha. Lakini yeye alijificha kwa saa moja na nusu, akasubiri hadi kila mtu anamtazama jirani yake amfukuze, ndipo akaondoka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Somo hili ni la mbio za klabu, za kilomita 60 hadi 100, ambako hakuna redio masikioni ya kupokea maagizo wala timu kubwa ya kuendesha kundi. Hapo kusitasita kwa wengine kuna thamani kuliko miguu yako.

Hatua ya kwanza: soma njia na upepo

Zunguka njia kabla ya siku, au walau kilomita tano za mwisho. Tafuta barabara inapobana, kona kali zilipo, na mahali unapotoka penye miti ukaingia uwazini. Asubuhi ya mbio tazama chochote kinachopepea, ujue upepo utakupiga wapi usoni, wapi ubavuni, wapi utakusukuma mgongoni. Andika kwenye kipande cha plasta ukibandike juu ya fremu: "km 48 kona kulia, upepo ubavuni". Katikati ya mbio akili huchoka kabla ya miguu.

Hatua ya pili: jifiche

Kwenye tambarare adui yako ni hewa. Nguvu ya kuipasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha spidi. Ukitoka kilomita 36 kwa saa ukafika 45, spidi imeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu inayoliwa na hewa inakaribia kuwa mara mbili. Anayekaa karibu nyuma ya gurudumu la mwenzake hupunguziwa mzigo huo kwa theluthi moja hivi, na ndani ya kundi nene hupunguziwa zaidi. Kila dakika unayokaa mbele bila sababu unalipia safari ya watu wengine.

Lakini kujificha si kukaa mkiani. Mkiani ndiko watu huchoka bila kujua kwa nini: wa mbele wakipunguza mwendo kidogo kwenye kona, wa mwisho hufunga breki kabisa, kisha hulazimika kukimbia kama wendawazimu kuwafikia. Kona thelathini za namna hiyo ni mashambulizi thelathini ambayo hakuna aliyekutuma kuyafanya. Kaa nafasi ya nane hadi ya kumi na tano. Hapo unawaona wanaoondoka, na bado una kinga.

Upepo wa ubavuni una sheria zake. Ukitoka kushoto, kinga iko nyuma kidogo upande wa kulia wa aliye mbele yako, kwa hiyo watu hujipanga mshazari. Barabara ina upana wake. Mshazari ukijaa, wanaobaki hupangwa mstari mmoja ukingoni mwa lami bila kinga yoyote, na kundi hukatika vipande vipande. Ukijua kona ya kuingia kwenye upepo huo iko mbele, uwe miongoni mwa kumi wa kwanza kabla ya kuifikia. Na chunga gurudumu lako la mbele lisiingie sambamba na la nyuma la mwenzako: yakigusana, anayeanguka ni wewe.

Hatua ya tatu: jua nani anatamani nini

Nusu saa ya kwanza sikiliza na utazame. Nani hupumua kwa kelele mlimani? Nani kila mara anaziba mapengo peke yake? Nani anasifika kwa kufyatuka mita 200 za mwisho? Huyo wa mwisho hatakufuata mapema, na wengine hawatataka kufukuza ili kumbebea ushindi. Hapo ndipo ufa ulipo.

Hatua ya nne: chagua dakika

Saa mbaya kuliko zote ni pale kila mtu ni mzima na yuko macho, yaani mwanzo wa mlima wa kwanza. Mimi napenda dakika tatu.

Ya kwanza ni pale shambulio la mtu mwingine limekamatwa sasa hivi. Waliofukuza wamekata pumzi, wanakaa wima, wanashika chupa za maji. Ndani ya sekunde kumi hizo kundi halina mwenyewe.

Ya pili ni kileleni, si chini ya mlima. Watu hujiambia "nimefika" wakaacha kukanyaga mita ishirini kabla ya mteremko. Wewe ongeza hapo, pita kilele, endelea kukanyaga ukishuka.

Ya tatu ni barabara inapobana, au baada ya kona mbili za mfululizo, kwa sababu ukishapotea machoni watu hukata tamaa haraka. Mnyama asiyeonekana hafukuzwi.

Wapo wanaoondoka mapema na kufika. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, Anna Kiesenhofer wa Austria, mwanahisabati ambaye wakati huo hakuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa, aliondoka na wenzake wachache tangu mwanzo wa mbio za kilomita 137. Alibaki peke yake zikiwa zimesalia kilomita 40 hivi, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 15. Redio hazikuruhusiwa. Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alivuka mstari akiwa wa pili, amenyanyua mikono, akidhani ameshinda. Miguu ya Kiesenhofer ilikuwa mikubwa, hilo halina ubishi, lakini nyuma yake kulikuwa na timu kali ambazo kila moja ilingoja nyingine ifanye kazi. Kama hilo linatokea Olimpiki, kwenye mbio zetu hutokea kila wiki.

Hatua ya tano: shambulio lenyewe

Usiondoke ukiwa wa kwanza. Wanaokuona ni wote, na wa kwanza kukudaka ni aliye nyuma yako. Anzia nafasi ya tano hadi ya nane. Badilisha gia mapema na kimya, maana mlio wa cheni ikishuka unawaambia watu kila kitu. Acha nafasi ndogo mbele yako, jaza spidi ndani ya kinga, kisha toka ukiwa tayari unakwenda kilomita saba au nane zaidi yao. Pita upande wa mbali wa barabara uliofunguliwa kwa mbio, ili anayetaka kukudaka avuke upepo kwanza. Kama barabara haijafungwa kwa magari, upande wa pili si wako, hata kwa ushindi.

Kanyaga kwa nguvu zote sekunde 20 hadi 30. Usigeuke. Kisha kaa chini, kunja viwiko, teremka hadi kwenye nguvu unayoweza kuishika kwa dakika kumi. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaendelea kufyatuka hadi dakika ya pili, halafu wanafumka. Baada ya dakika moja chungulia chini ya kwapa. Ukiona mstari mmoja mrefu, wanafukuza. Ukiona wametanda barabara nzima, wanatazamana. Nenda.

Hatua ya sita: mkiwa mmetoka

Mkiwa watatu au wanne, pokezaneni kukaa mbele kwa zamu fupi, sekunde 20 hadi 30. Anayepokea asiongeze spidi. Kuongeza ni kumuua aliyetoka kufanya kazi. Anayemaliza zamu ajitoe upande unakotoka upepo. Piga hesabu ya pengo kwa kutumia nguzo au kibao cha barabarani: kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde 30 ni kama mita 330. Zikibaki kilomita 10, nyinyi mkienda 38 na kundi likija kwa 42, litapunguza pengo kwa dakika moja na nusu. Kwa hiyo dakika moja haitoshi, na dakika mbili zinatosha. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia kama ni saa ya kuwahimiza wenzako au ya kuanza kuweka akiba.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa msimu wa kwanza: Shikamoo kocha. Mimi sijawahi hata kubaki na kundi hadi mwisho, huachwa mlimani. Nishambulie wapi?

Marahaba. Usishambulie kwanza, jifunze kubaki. Fika chini ya mlima ukiwa miongoni mwa watano wa mbele, kisha panda kwa mwendo wako na uache wenzako wakupite mmoja mmoja. Kundi la watu arobaini ni refu. Kama hujipasui, utafika kileleni ukiwa mkiani, lakini bado uko ndani. Ukianzia mkiani, utafika kileleni ukiwa peke yako. Na kula kabla hujasikia njaa: kwa mbio za zaidi ya saa moja na nusu lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ukianza mapema. Wengi wanaosema wanaachwa na mlima wameachwa na tumbo.

Swali: Tulichomoka wanne. Mmoja alitegea kilomita 15 nzima, hakushika zamu hata moja, mwishoni akatupita. Tungemfanyaje?

Kwanza muulizeni. Kama ana mwenzake wa klabu kundini, ana haki ya kutegea. Kazi yake ni kutofanya kazi. Kama hana, msimbebe. Upepo ukiwa wa ubavuni, endesheni karibu na ukingo usiompa kinga, mkimwachia nafasi ya kutosha asianguke. Zikibaki kilomita mbili au tatu, nyinyi watatu mshambulie kwa zamu. Mmoja aondoke, wengine mkae tuli mmtazame mtegaji. Lazima aamue: afukuze au apoteze. Akimkamata, wa pili aondoke palepale. Kosa lenu lilikuwa kukasirika huku mkiendelea kumvuta hadi mstarini.

Swali: Mwenzetu wa klabu yuko mbele, nami najiona nina nguvu kuliko yeye. Naweza kufukuza?

Hapana, kama utawavuta wengine. Kaa gurudumu la pili au la tatu, wafuate wanaofukuza, usishike zamu. Lakini usifunge breki kwenye kona kuwazuia watu, huo si ujanja, ni hatari. Ruhusa yako ni moja: ukiweza kuruka pengo peke yako bila mtu nyuma, nenda, maana wawili mbele ni bora kuliko mmoja. Ukiona mtu amekushika gurudumu, acha kukanyaga hapohapo.

Swali: Mwisho nifyatuke lini?

Upepo ndio unaojibu. Ukiwa usoni, ngoja hadi mita 150 hivi, maana anayetangulia huchinjwa. Ukiwa mgongoni, ondoka hata mita 250, kwa sababu anayekufuata hapati kinga ya maana. Na usinyanyue mikono kabla ya mstari. Kwenye mbio za Liège–Bastogne–Liège za Ubelgiji, mwaka 2020, Julian Alaphilippe, bingwa wa dunia wakati huo, alinyanyua mikono akidhani ameshinda. Primož Roglič akasukuma baiskeli mbele kwa mikono yote miwili na kumpokonya ushindi kwa sentimita chache.

Swali: Haya yote tunayafanyiaje mazoezi, kocha, bila kusubiri mbio?

Jumapili hii tutagawana makundi ya watu sita. Kabla ya kuondoka kila mmoja atachukua kikaratasi kilichokunjwa, na kimoja kitakuwa na alama. Mwenye alama lazima ashambulie mara moja tu ndani ya kilomita nane, na hasemi ni yeye. Asipokamatwa ndani ya dakika tatu, ameshinda. Kisha tunasimama, kila mtu anasema aliona nini na kwa nini hakufukuza, na tunarudia. Njooni na chupa mbili za maji.