Mwanza hadi Kigali kwa ndege: piga hesabu mwenyewe kabla ya kukata tiketi

Nakata tiketi hapa Kirumba, Mwanza, na wateja wengi huniuliza: "Kaka, Kigali si hapo tu, mbona safari inakula siku nzima?" Wana haki ya kushangaa. Kwenye ramani Kigali iko karibu na Mwanza kuliko Dar es Salaam. Lakini umbali wa ramani ni mwingine na wa tiketi ni mwingine, na mtu anayetoa hela yake lazima avijue vyote viwili.

Wa ramani kwanza. Sisi wa Ziwa Victoria tuko jirani na ikweta, kwa hiyo nyuzi moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni kilomita 111 hivi. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki, wa Kigali 1.97 kusini na 30.14 mashariki. Ukitoa unapata 0.47 na 2.79. Zidisha kwa 111: kilomita 52 na 310. Kisha ile kanuni ya Pythagoras ya sekondari: kila namba izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kama 314. Usiitumie kwa safari ya Ulaya, maana huko longitudo zimekaribiana na hesabu itakudanganya.

Sasa tazama tiketi inapitia wapi. Ikipitia Nairobi, unaanza kwa kwenda mashariki ilhali mji unaokwenda uko magharibi: Mwanza–Nairobi kama kilomita 460, Nairobi–Kigali kama 760. Jumla 1,220, karibu mara nne ya ule mstari wa ramani.

Muda wa angani haufichiki. Gawa kila kipande kwa mwendo wa ndege, halafu ongeza nusu saa ya ndege kupaa na kushuka. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 huenda kilomita 500 kwa saa, jeti 800. Kwa hiyo Mwanza–Nairobi kwa pangaboi ni saa moja na dakika 25. Nairobi–Kigali kwa jeti, saa moja na nusu.

Wengi huteleza kwenye saa zilizoandikwa. Tiketi hutumia saa za kila mji, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiona unaondoka Nairobi 10:00 na kutua Kigali 10:30, usidhani ni nusu saa angani. Ni saa moja na nusu. Wakati wa kurudi, safari ileile itaonekana ya masaa mawili na nusu.

Halafu hesabu mlango hadi mlango: daladala hadi uwanjani nusu saa, masaa mawili ya kuwahi, masaa matatu ya kusubiri Nairobi, nusu saa ya pasipoti Kigali. Ukichanganya na muda wa angani, ni karibu masaa tisa. Kusubiri ndiko kunakokula muda, kwa hiyo uliza muda wa kusubiri kabla ya kuuliza bei.

Barabara nayo ipime: daraja la Kigongo–Busisi, Geita, hadi mpaka wa Rusumo, ambako taratibu za nchi zote mbili zinamalizwa kituo kimoja. Hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 500. Mfanyabiashara mwenye magunia ya dagaa kutoka soko la Mwaloni simkatii tiketi ya ndege kabla hatujalinganisha njia zote mbili.