Kupima oili ya injini: iache ishuke kwanza

Gari limeingia sheli, injini ndiyo kwanza imezimwa. Kijana anafungua boneti, anachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na kukuonyesha ncha: "Bosi, oili iko chini hii." Unanunua lita moja, inamiminwa hapo hapo, unaondoka roho kwatu. Kesho asubuhi ukipima mwenyewe, oili imepita alama ya F, ile ya kujaa, kwa mbali.

Mara nyingi kijana hakukudanganya. Alichokiona ndicho kilichokuwepo. Dipstiki hupima oili iliyomo kwenye sampu tu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini, na wakati ule nyingine ilikuwa bado iko juu, kwenye kamshafti, vali na njia zake, inachuruzika polepole kurudi chini. Kwa hiyo kabla ya kuamini kipimo chochote, jiulize oili iko wapi saa hiyo.

Mfano wangu ni injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 ya Toyota iliyomo kwenye IST, Probox na Vitz nyingi, maana ndizo zinazojaa gereji zetu. Magari mengine yenye tofauti nitayataja mbele.

Hatua ya 1: Gari likae sawa

Dipstiki inaingia sehemu moja tu ya sampu. Gari likiinama, oili inakimbilia upande mmoja kama chai kwenye sufuria iliyoinuliwa sikio, na kipimo kinapanda au kushuka bila tone kuongezeka. Kwa sisi wa Mwanza, ambao nusu ya mji umejengwa mlimani, hili ndilo kosa la kwanza. Hata sakafu ya zege huwa imetegwa kidogo ili maji ya mvua yaondoke. Laza chini chupa ya maji ya duara, mara kuelekea mbele ya gari, mara ubavuni. Ikibiringika yenyewe, hapo si sawa.

Kama hakuna pa kwenda, pima, kisha geuza gari litazame lilikotoka, liegeshe pale pale na upime tena kwa kusubiri muda ule ule. Ukweli uko katikati ya vipimo viwili. Ni usumbufu, nakubali, lakini unafanya kazi.

Hatua ya 2: Ipashe moto, zima, subiri

Endesha mpaka injini ifikie joto lake la kawaida, egesha, zima. Vitabu vya Toyota vinataka usubiri zaidi ya dakika tano, vya Honda karibu dakika tatu. Mimi nasubiri kumi. Wengi wetu tunatumia oili nzito, 15W-40 au hata 20W-50, na hiyo haishuki haraka kama 5W-30 iliyoandikwa kwenye kitabu.

Kuna ubishi usioisha gereji: je, usipime asubuhi injini ikiwa baridi? Pima, hakuna ubaya. Usiku mzima oili imeshuka yote. Kumbuka tu kwamba oili baridi husinyaa. Kwa lita nne na tofauti ya nyuzijoto 60, ni kama mililita 150 hivi, yaani kipimo kitashuka kidogo. Usikimbilie kuongeza kwa sababu ya hicho kidogo. Kwa ukaguzi wa kila wiki mimi napendelea asubuhi, kwa kuwa hali ni ile ile kila siku. Kama nataka kuongeza mpaka juu, nafuata kitabu na kupima moto.

Hatua ya 3: Chomoa, futa, rudisha

Ukiichomoa mara ya kwanza usiisome kabisa, imepakwa oili iliyorushwa ndani ya tyubu, lile bomba inamoingia dipstiki. Futa kwa tambara safi lisiloacha nyuzi, rudisha dipstiki mpaka kishikio kikae kabisa kwenye kizuizi chake, hesabu sekunde chache, chomoa tena. Kishikio kikibaki juu hata kidogo, utasoma oili pungufu.

Hatua ya 4: Soma pande zote mbili

Shika dipstiki ikiwa imelala, ncha isielekee juu, la sivyo oili itakimbilia mkononi na kukupandishia kipimo. Tafuta mahali ambapo mpaka wa oili umekatika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Michirizi ya juu ya hapo ni ya tyubu, ipuuze. Geuza upande wa pili. Pande zikitofautiana, amini ulio chini.

Oili mpya ni shida kuiona, inang'aa kama maji. Gusisha ncha kwenye karatasi nyeupe, doa litakuonyesha imefika wapi.

Kwa injini nyingi ndogo, kutoka L, alama ya chini, hadi F ni lita moja hadi moja na nusu. Oili ikiwa katikati, gari liko salama, na lita nzima inaweza kuwa nyingi mno.

Hatua ya 5: Kuongeza

Robo lita, subiri, pima. Basi. Oili ikipita F sana, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, huipiga ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Nyingine husukumwa kupitia njia ya hewa ya injini, ikaungua na kutoa moshi wa bluu. Ukishazidisha, ipunguze: legeza nati ya sampu au ivute kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba kupitia tyubu ya dipstiki.

Kama huiamini dipstiki yenyewe

Magari yetu yamepita mikono mingi, na dipstiki ya injini nyingine si jambo geni. Siku ya kumwaga oili ndiyo siku ya kuikagua. 1NZ-FE hupokea lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina kiasi hicho kwa kipimo, washa dakika moja ili filta ijae, zima, subiri, soma. Isiposomeka karibu na F, una dipstiki ya gari la mtu. Tafuta yake, au kwaruza alama mpya kwa msumeno.

Yenye taratibu zake

Subaru: injini imelala, na tyubu huipaka dipstiki kiasi cha kukuchanganya. Pima asubuhi, na uwe mkali kuhusu mwinamo wa ubavuni.

Toyota nyingi za otomatiki za zamani zina dipstiki ya pili, ya gia boksi. Oili yake ni nyekundunyekundu, na yenyewe hupimwa injini ikinguruma. Ukichanganya taratibu hizi mbili, vipimo vyote viwili vitakuwa vya uongo. BMW nyingi za karibuni hazina dipstiki kabisa, kipimo kinatoka kwenye skrini na kinahitaji injini iwe moto.

Ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ni ya presha, si ya kiasi cha oili. Ikiwaka barabarani, egesha na uzime injini hapo hapo.

Andika kipimo pamoja na kilomita. Vitabu vingi huruhusu hadi lita moja kwa kilomita 1,000, ingawa gari lisilo na tatizo halikaribii hapo. Kikipanda bila wewe kuongeza, nusa dipstiki: harufu ya petroli maana yake mafuta yanaingia kwenye oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, ni maji ya rejeta, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka fundi alione.