Matunda damu: penye upepo, panda pingili

Mti wa matunda damu, ambao wengine huuita mgogwe, ni ndugu wa nyanya na viazi mviringo. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, hivyo ubaridi wa Mufindi, Njombe na Rungwe unaufaa. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ndiyo huunguza machipukizi. Usipande bondeni ambako hewa ya baridi hutuama usiku.

Lakini mwenye mti huu aogope zaidi upepo. Mizizi yake haiendi chini sana, na matawi ni laini, yakielemewa na matunda hukatika. Mche wa mbegu hurefuka hadi kimo cha mtu ndipo utoe matawi. Upepo wa mlimani unaukuta umesimama kama mlingoti. Pingili, yaani kipande cha tawi kinachopandwa, hutoa kichaka kifupi kinachotawanyika tangu chini. Kwa hiyo kama shamba lako liko mgongoni mwa kilima, kata pingili za nusu mita hadi mita moja kwenye tawi la mwaka mmoja au miwili, chini kidogo ya fundo. Ondoa majani, panda mvua zikishakolea. Maua ya mwaka wa kwanza yachume yote. Inauma, najua, ila shina linahitaji kukomaa kwanza.

Pingili nazo zina ubaya wake: hubeba virusi. Mti wenye majani ya mabakabaka au yaliyojikunja usiuguse, hata jirani akikupa bure. Ukikosa mti safi, rudi kwenye mbegu, kisha kata kilele mche ukifika mita moja.

Acha mita 2.5 hadi 3 kati ya mti na mti. Maji yasituame shinani, mizizi huoza upesi. Kwenye udongo mzito inua tuta. Jembe lisifike karibu na shina: magugu yang'olewe kwa mkono, nyasi kavu zitandazwe.

Shamba lililotoka viazi au nyanya liache kwanza, maana minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, hawabagui ndugu. Katikati ya mistari weka maharage.

Matunda hutoka kwenye matawi mapya, basi pogoa ukimaliza kuvuna. Hayaivi kwa pamoja. Pitia mti mara kwa mara, ukichuma na kikonyo chake. Mteja mgeni mwambie asile ganda, ni chungu. Akate katikati, achote nyama kwa kijiko.